TOBA INAANZA NA WEWE: MAISHA YA SIMEONI NSIBAMBI



Mpendwa, karatasi hii umepewa hapa mkutanoni. Usiende kuifungia karanga. Isome mpaka mwisho, halafu mpe na jirani yako.

Nataka nikueleze habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1978. Jina lake Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kampala. Hakuwa Mpentekoste kama sisi. Alikuwa Mwanglikana, akafa Mwanglikana. Lakini habari hii ya kuokoka tunayoihubiri leo Kibaha na Kisarawe, watu wengi sana wa Afrika Mashariki waliisikia kwa sababu ya moto uliowaka moyoni mwake yeye na wenzake.

MTU WA HESHIMA ZAKE

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897. Injili ilikuwa imefika Buganda miaka 20 tu nyuma, mwaka 1877. Mwaka 1886 vijana wa ikulu walichomwa moto pale Namugongo kwa ajili ya Yesu. Lakini yeye alipokuwa kijana mambo yalikuwa yamegeuka. Sasa kubatizwa ilikuwa ni njia ya kupata shule na cheo. Makanisa yamejaa, mioyo imepoa. Asubuhi ibada, jioni pombe, usiku kwa mganga. Je, hayo huyajui wewe? Hapa kwetu Kisarawe misheni ilifika tangu miaka ya 1890, siku za Wajerumani. Injili si ngeni kwetu. Tatizo ni sisi kuizoea.

Nsibambi alisoma King's College Budo, shule ya wakubwa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alitumika katika kikosi cha matibabu. Baadaye akapata kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Mshahara anao, heshima anayo. Kitu kimoja kikamuuma: alitamani kwenda kusoma ng'ambo, akakosa nafasi. Alikuwa na uchungu mwingi. Ndani ya uchungu ule, mwaka 1922, Mungu akamwonyesha kwamba hata angeipata hiyo nafasi, bila uzima wa milele ingekuwa bure tu. Tangu hapo akaanza kumtafuta Mungu kweli kweli.

SIKU MBILI PALE NAMIREMBE

Upande wa Rwanda, mahali panaitwa Gahini, alikuwepo daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliikumba nchi ile. Daktari alihangaika na wenye njaa na wagonjwa mpaka nguvu zikamwishia, mwili na roho. Septemba 1929 akaja Kampala kupumzika. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Nsibambi.

Sasa angalia jambo hili. Mmoja mzungu, mmoja mwafrika. Zama zile za ukoloni mzungu ndiye mwenye kufundisha, mwafrika ni wa kusikiliza. Lakini hawa wawili kila mmoja alikubali mbele ya mwenzake kwamba ni mkavu. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu, wakiomba na kujinyenyekeza. Mungu akawajaza wote wawili. Kwake hakuna kiti cha mzungu na mkeka wa mwafrika. Wote tunapiga magoti pale pale.

ALIAMBIWA AMERUKWA NA AKILI

Nsibambi alirudi mjini mtu mwingine. Akawa anamsimamisha kila mtu, mkubwa na mdogo, anamuuliza kama ameokoka. Hata watu wa kanisa wakasema huyu amekuwa mwendawazimu. Akaiacha na kazi ya serikali, mshahara ukaenda, akawa mhubiri. Mdogo wake Blasio Kigozi alikwenda kufundisha kule Gahini, akawaka moto ule ule.

Wewe unayesoma, kama watu wa mtaani wanakucheka kwa kuokoka, usiogope. Walianza kwa Nsibambi.

YOSIYA ALIKWENDA NA MASHTAKA

Hapa ndipo nataka usome polepole. Pale hospitali ya Gahini alikuwepo mkuu wa wasaidizi wa daktari, anaitwa Yosiya Kinuka. Hali ya hospitali ilikuwa mbaya, watu hawapatani, na Yosiya alishachoka. Mwaka 1931 akafika Kampala kwa Nsibambi. Akamweleza matatizo yote ya kule: hiki kibaya, na kile kibaya.

Nsibambi alimsikiliza. Halafu hakumlaumu daktari, wala hakuwalaumu wafanyakazi wengine. Alimwonyesha Yosiya kwamba shida ya kule chanzo chake ni dhambi iliyomo ndani ya moyo wake yeye Yosiya mwenyewe.

Neno hilo lilimchoma. Katika safari ya kurudi nyumbani Yosiya akajitoa kwa Yesu. Alikwenda na mashtaka ya watu, akarudi na toba yake. Akawa mtu mpya pale hospitali, baadaye akahubiri nchi nyingi pamoja na daktari, akawekewa mikono kuwa mchungaji.

Ndugu yangu, hapo ndipo toba inapoanza. Sisi tunapenda kutubu dhambi za mchungaji, dhambi za mwenyekiti wa mtaa, dhambi za mke. Yule Farisayo wa Luka 18 alizijua sana dhambi za mtoza ushuru. Lakini aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule aliyejipiga kifua.

MIMI MWENYEWE

Nisikufiche. Kabla sijaokoka nilikuwa nachoma mkaa huku misitu ya Kisarawe, nauza Mailimoja. Mama mmoja muuza chapati alinipa hela ya magunia 3 nimletee. Hela nikala, mkaa sikupeleka. Nikaokoka, nikasoma kozi ya Biblia, nikashika maikrofoni. Nikifika Mailimoja nazungukia njia ya nyuma, nisionane na yule mama. Huku nawahubiria watu toba!

Nilipozijua habari za Yosiya, usingizi ulikata. Asubuhi nikaenda kwake, nikapiga magoti mbele ya wateja wake. Nilimlipa kwa mafungu mawili, maana sikuwa na hela ya mara moja. Siku ya fungu la pili akanikaribisha chai. Kanisani bado hajaja. Lakini siku hizi napita njia ya mbele.

MOTO UKAENEA

Januari 1936 Blasio alikufa kwa homa, kijana bado, akiwa amekuja Kampala kuliambia kanisa liamke. Watu walidhani kazi imekufa naye. Kumbe ndiyo kwanza. Mwaka ule ule uamsho ukashika Uganda. Watu wakalia, wakaungama, wakarudisha vitu walivyoiba. Maadui wakaombana msamaha. Wakaitwa Balokole, ndiyo kusema waliookoka. Mwaka 1939 moto ukafika Tanganyika, chuo cha walimu Katoke, magharibi ya Ziwa Viktoria. Ukaingia Kenya vile vile.

Na Nsibambi je? Kuanzia miaka ya 1940 afya yake iliharibika. Zaidi ya miaka 30 alikaa nyumbani Kampala, hasafiri, hasimami jukwaani. Mtu aliyewasha moto wa nchi nyingi, Mungu akamweka kitandani! Lakini hakunung'unika kwamba wengine wanasikika na yeye amesahaulika. Watu walimfuata pale pale, akawashauri na kuwaombea mpaka mwaka 1978 alipoitwa. Huo ndio unyenyekevu. Hakuanzisha dhehebu lake, hakujiita nabii.

SASA WEWE

Mpendwa wa Mlandizi, wa Maneromango, wa Pugu, toba si kulia tu hapa mbele halafu kesho yale yale. Kiwanja ulichowauzia watu wawili, toba yake ni kwenda kwa yule uliyemdhulumu. Mtoto uliyemkataa, toba yake ni kumkubali. Nduguyo mliyegombana kwa mikorosho ya marehemu baba, toba yake ni kubisha hodi kwake leo. Zakayo hakusema tu amemwamini Yesu, alirudisha na mali za watu.

Usiogope. Mungu hamfukuzi mtu aliyevunjika moyo. Daudi alilijua hilo katika Zaburi ya 51. Damu ya Yesu inatosha kwa dhambi ile unayoiona kubwa kuliko zote. Piga magoti hapo ulipo, mwambie hivi:

Bwana Yesu, nimekuja na dhambi zangu mimi, siyo za mwingine. Nimefanya jambo hili (litaje kwa jina lake). Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Nipe nguvu niende kwa yule niliyemkosea. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Umeomba? Basi inuka, uende kwake kabla jua halijazama. Halafu njoo utuambie sisi wahubiri hapa uwanjani, tukuombee. Mungu akubariki.