Jheronimus Bosch, mchoraji wa mazimwi madogo ambaye mji wake haukubaki na hata mchoro mmoja

Tarehe 9 mwezi wa nane mwaka 1516, misa ya maziko ya mchoraji Jheronimus van Aken ilisomwa katika kanisa la Mtakatifu Yohana, mjini 's-Hertogenbosch, ambao leo uko kusini mwa inchi ya Uholanzi. Dunia inamfahamu kwa jina la Bosch, alilolitoa kwenye jina la mji wake na kulitumia kama sahihi. Michoro yake leo inalindwa Madrid, Lisbon, Vienna na kwingineko. Mji aliouchukulia jina hauna hata mmoja.

Bosch alizaliwa karibu mwaka 1450. Babu yake alikuwa mchoraji, baba yake pia, na kazi hiyo aliifundishwa nyumbani, katika nyumba ya familia iliyotazama soko kubwa. Wakati huo 's-Hertogenbosch ulikuwa kati ya miji minne mikubwa ya utawala wa Brabant, pamoja na Brussels, Antwerpen na Leuven.

Mwaka 1463, alipokuwa kijana mdogo, moto mkali uliteketeza maelfu ya nyumba za mji huo. Hakuandika lolote kuhusu usiku huo. Lakini katika michoro yake ya jehanamu, mara kwa mara unaonekana mji unaowaka kwa mbali, anga nyekundu na watu wadogo kama sisimizi wakikimbia. Wachunguzi wengi wanauona moto wa utoto wake pale.

Anayetazama kazi yake leo anaweza kufikiri kwamba ilifanywa na mtu mwenye wazimu. Vitabu vya hesabu vya mji vinaonyesha mtu mwingine kabisa. Karibu mwaka 1480 alimuoa Aleid van den Meervenne, binti wa familia yenye mashamba na mali. Miaka michache baadaye aliingia katika Chama cha Bikira Maria, kilichokutana katika kanisa la Mtakatifu Yohana, na mwaka 1488 akawa mmoja wa viongozi wake walioapishwa. Alilipa kodi na kukaa mezani pamoja na mapadri na watu wakubwa. Hakuacha barua wala daftari la mawazo yake.

Alichoacha ni mbao zilizopakwa rangi ya mafuta. Kwanza ubao wa mti wa mwaloni ulipakwa chaki iliyochanganywa na gundi, mpaka ukawa mweupe na laini. Juu yake alichora mistari, kisha akapaka rangi iliyosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Wachoraji waliomtangulia walirundika tabaka nyingi na kuficha kila alama ya brashi. Bosch alipaka tabaka nyembamba, kwa haraka, mara nyingine rangi mpya juu ya rangi ambayo haijakauka. Mwishoni, kwa ncha ya brashi, aliweka vitone vya rangi nyeupe kwenye jicho, kwenye mdomo wa ndege au kwenye ukingo wa kisu. Vitone hivyo ndivyo vinavyokifanya kiumbe chenye ukubwa wa kidole kionekane kinapumua.

Na viumbe hivyo ni vingi. Katika mchoro ulioko Lisbon, ndege aliyevaa viatu vya kuteleza kwenye barafu anapeleka barua. Katika Bustani ya Starehe, kazi yake inayojulikana kuliko zote, kiumbe mwenye kichwa cha ndege na chungu kichwani anameza watu, na masikio mawili makubwa yanabeba kisu. Mbao tatu za kazi hiyo zikifunguliwa zinapita metre 3 kwa upana, lakini mtu analazimika kusogea karibu sana ili aone kila dude dogo.

Sifa yake ilifika mbali akiwa hai. Mwaka 1504, Filipo, mtawala wa Brabant, aliagiza kwake mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho na kumlipa livre 36 za kuanzia. Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Bustani ilikuwa tayari Brussels, katika jumba la familia ya Nassau.

Hapo ndipo njia ya kazi hizo iligeuka. Mwaka 1568, Duke wa Alba, aliyetumwa na mfalme wa Uhispania kuzima uasi, alinyang'anya mali ya Willem wa Orange, kiongozi wa waasi, na Bustani ikiwemo. Mwaka 1593 mchoro huo uliingia katika jumba la mfalme Filipo wa Pili, El Escorial. Mfalme huyo alikuwa amekusanya kazi nyingine za Bosch, baadhi kwa kuzinunua. Kwa upande wao, michoro aliyoifanyia kanisa la nyumbani ilitawanyika au kupotea wakati wa vita vya dini.

Mwaka 2016, miaka 500 baada ya maziko yake, makumbusho ya 's-Hertogenbosch yalitaka kumrudisha nyumbani, ingawa hayakuwa na mchoro wa kuwaazima wengine kwa kubadilishana. Yalitoa elimu. Kwa miaka kadhaa wachunguzi walizunguka makumbusho ya Ulaya na Marekani na kamera za infraredi zinazoona mistari iliyo chini ya rangi, na kazi kadhaa zikafanyiwa matengenezo. Michoro 17, kati ya takriban 25 inayobaki duniani, ilifika katika mji huo, na watu zaidi ya 400,000 walikuja kuiona. Kisha kila mmoja ulirudi kwa mwenyewe.

Leo watu wanaopaka rangi ya mafuta sanamu ndogo za mazimwi na majoka ya michezo wanafuata njia iliyo karibu na yake: rangi nyembamba, kivuli kwenye mikunjo, halafu kitone cheupe mwishoni. Sanamu za viumbe vyake zinauzwa madukani.

Tukumbushe kwamba Bustani ya Starehe haikusafiri mwaka ule wa 2016. Mkaaji wa 's-Hertogenbosch anayetaka kuiona analazimika bado kwenda Madrid.