Baskerville, bwana aliyeambiwa herufi zake zinapofusha

Toka nipewe kazi ya kupanga kurasa za jarida letu, kila mtu ana fonti anayoipigia debe na nyingine anayoiponda. Kelele hizo zimenikumbusha marehemu John Baskerville.

Huyu bwana alibatizwa Januari 1707 kijijini Wolverley, Uingereza. Alihamia Birmingham, akafundisha watu mwandiko mzuri na kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Lakini utajiri aliupata kwa kupaka vanishi masinia na vyombo vingine vya nyumbani. Kwenye miaka ya 1750 akaanza kuzimwaga hela hizo kwenye herufi.

Hakuishia kwenye umbo tu. Alijua mistari myembamba hupotea kwenye karatasi mbovu. Basi akatengeneza wino mweusi zaidi, akatumia karatasi laini isiyo na michirizi, na kurasa zikishachapwa akazikandamiza kwa joto mpaka ziteleze. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka 1757. Mwaka 1763 akatoa Biblia ya Cambridge, na yeye mwenyewe dini wala hakuiamini!

Wakosoaji wakamshukia: herufi zake zitapofusha taifa zima. Mwaka 1760 Benjamin Franklin, mchapaji mwenzake kutoka Marekani, akamwandikia kisa. Alikuwa amempa mlalamikaji mmoja karatasi ya herufi za William Caslon, zile walizozizoea wote, akamwambia ni za Baskerville. Weee! Jamaa akaonyesha kasoro moja baada ya nyingine, na macho yakaanza kumuuma.

Baskerville alikufa 1775, vitabu havikumpa faida ya maana. Mwaka 1779 mjane wake, Sarah, aliuza vifaa vyake Ufaransa. Herufi zikasahaulika kwao, mpaka kampuni ya Monotype ilipozifufua 1923. Leo zimo kwenye kompyuta nyingi tu.

Mimi nimejifunza hivi: fonti haichaguliwi kwa jina, wala kwenye skrini peke yake. Ichape kwa saizi ile ile, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, halafu mpe mtu asome ukurasa mzima.

Kwa hiyo kabla ya toleo lijalo nitabandika ukutani kurasa mbili, maneno yale yale, fonti tofauti, majina nimeyaficha. Njooni msome kwanza, ndipo mnipigie kelele.