Daktari Albert Cook wa Mengo

Albert Ruskin Cook alizaliwa mwaka 1870 katika Hampstead, mtaa mmoja wa mji wa London. Alisoma katika Chuo cha Trinity huko Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew mjini London. Alipokwisha kufaulu, angaliweza kukaa kwao na kupata fedha nyingi na maisha ya raha. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kukata shauri. Akajitoa kwa chama cha C.M.S., akaomba apelekwe Uganda kuwatibu wagonjwa na kumtumikia Mungu kwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 1896 akafika Mombasa pamoja na wenzake. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Katharine Timpson, muuguzi aliyejifunza kazi yake barabara. Siku hizo reli ilikuwa imeanza tu kujengwa pwani, haikufika ziwani mpaka mwaka 1901. Basi ikawalazimu kwenda kwa miguu, yapata maili 800, wakipita nyika isiyo na maji, milima ya baridi na mito isiyo na daraja. Dawa, vyombo vya kupasulia, hema na chakula, vyote vilichukuliwa vichwani na wapagazi. Safari hiyo ilikuwa ya miezi karibu mitatu, na katika mwezi wa Februari 1897 wakafika Mengo, mji mkuu wa Kabaka wa Buganda.

Mtu asidhani ya kuwa watu wa nchi zile hawakujua lo lote katika mambo ya uganga. Mwaka 1879 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Robert Felkin, alimwona mganga wa Bunyoro akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Yule mganga alitumia pombe ya ndizi kusafishia mikono yake na tumbo la mgonjwa, akamtoa mtoto hai, na mama naye akapona. Huo ulikuwa ujuzi mkubwa. Lakini yalikuwako maradhi mengi yasiyopata dawa, na watu wengi walikufa kwa homa, ndui, vidonda na uzazi mgumu.

Daktari Cook hakungoja mpaka apate nyumba nzuri. Siku chache tu baada ya kufika alianza kuwatazama wagonjwa, na mwaka ule ule wa 1897 ikajengwa hospitali ndogo ya matete na nyasi juu ya kilima cha Namirembe. Watu wakaja kutoka mbali, wengine kwa miguu, wengine wakichukuliwa na ndugu zao katika machela. Kila siku ilianza kwa sala; kisha kazi ya kutibu, kufunga vidonda na kupasua iliendelea mpaka jua kuchwa.

Alikuwa na desturi moja iliyomfaa sana, nayo ni kuandika. Habari za wagonjwa aliziandika katika vitabu: jina lake mtu, ugonjwa wake, dawa aliyopewa na mwisho wake, kama alipona au alikufa. Hakuficha vifo wala hakusifu ponya zake. Vitabu hivyo vilihifadhiwa, na wataalamu wa siku za baadaye wamejifunza mengi kwavyo.

Mwaka huo wa kwanza haukuwa wa amani. Katika mwezi wa Julai Kabaka Mwanga aliasi akakimbia, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga, akatawazwa badala yake. Kisha askari Wasudani wa serikali wakaasi, wakashika boma la Lubwa katika Busoga. Daktari Cook akaenda huko kuwauguza majeruhi. Katika vita hivyo rafiki yake George Pilkington, aliyefasiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa mwezi wa Desemba 1897.

Mwaka 1899 nduguye, Daktari Jack Cook, akaja kumsaidia. Mwaka uliofuata Albert akamwoa Bibi Katharine. Hospitali nyingine iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza ilikuwa imejengwa, na wote wakafurahi kwa kazi iliyostawi. Lakini mwezi wa Novemba 1902 ilipiga radi, ikalishika paa la nyasi, na katika muda mfupi hospitali yote ikateketea. Kazi ya miaka ikawa majivu. Hata hivyo wale madaktari hawakufungasha mizigo yao kurudi kwao. Waliendelea kutibu watu kwa shida, na mwaka 1904 hospitali mpya ya matofali ikafunguliwa.

Wakati huo huo jambo baya kupita moto lilikuwa limeingia nchini. Mwaka 1901 walifika Mengo wagonjwa wa namna ambayo ndugu wale wawili hawakupata kuiona huko. Walikuwa wamekonda, wamelegea, hawana nguvu ya kusema, nao walisinzia hata chakula kilipokuwa mbele yao. Wale ndugu wakatambua ya kuwa ni ugonjwa wa malale, uliojulikana tangu zamani katika Afrika ya Magharibi. Wakapeleka habari upesi, ili watu wenye elimu waje kuutafuta mzizi wake.

Wataalamu wakaja kutoka Uingereza. Wengine walidhani ya kuwa asili yake ni mnyoo mdogo aonekanaye katika damu, wengine wakadhani hivi na wengine vile. Hata mwaka 1903 Daktari Castellani na Daktari Bruce wakahakikisha ya kuwa ni kijidudu kiingiacho katika damu, kisha katika ubongo, nacho huchukuliwa na mbung'o aumaye watu kando ya maji. Lakini kujua sababu si kuwa na dawa. Daktari Cook aliwaona wagonjwa wake wakifa mmoja mmoja, asiweze kuwaponya. Katika miaka michache watu zaidi ya laki mbili walikufa katika visiwa na pwani za Ziwa Victoria. Mwishowe, kuanzia mwaka 1906, serikali iliwahamisha watu waliobaki kando ya ziwa, wakaacha nyumba na mashamba ya baba zao, ili mbung'o wasipate mtu wa kumwuma. Ilikuwa huzuni juu ya huzuni, lakini ugonjwa ukapungua.

Hata mtu mwenye ujuzi huweza kukosea, na Daktari Cook alikosea katika jambo moja kubwa. Miaka ile yeye na madaktari wengine walisema ya kuwa watu wengi mno wa Buganda walikuwa na kaswende. Waganda wakasemwa vibaya kwa ajili hiyo. Wataalamu waliokuja baadaye wakachungua tena, wakaona ya kuwa wengi wa wale hawakuwa na kaswende, bali walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaowapata hata watoto, usiotokana na uasherati. Vidonda vya magonjwa haya mawili hufanana, wala vipimo vya siku zile havikuweza kuyatenga. Kwa hiyo yampasa mwenye elimu awe mpole katika kuhukumu.

Daktari Cook aliona ya kuwa madaktari wachache waliotoka ng'ambo hawataweza kamwe kuitosheleza nchi nzima. Dawa iliyo bora ni kuwafundisha wenyeji. Akatunga vitabu vya udaktari kwa Kiganda, ili wanafunzi wajifunze kwa lugha ya mama zao. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu, akaanzisha shule ya kuwafundisha vijana wawe wasaidizi wa madaktari. Kazi ya namna hiyo ikaendelezwa baadaye na serikali katika Mulago na Makerere.

Mkewe naye aliwaonea huruma akina mama na watoto wachanga waliokufa bure. Baada ya vita akaanzisha shule ya wakunga pale Mengo. Wako waliopinga, maana kwa desturi kazi ya ukunga ilikuwa ya wanawake wazima waliokwisha kuzaa, nao waliona ni aibu kwa wasichana kuifanya. Bibi Cook hakuvunjika moyo. Wasichana wakajifunza, wakafanya mtihani wakafaulu, wakapelekwa vijijini kufungua nyumba ndogo za uzazi. Wazee walipoona mama na mtoto wakirudi nyumbani wazima, maneno ya kupinga yakapungua.

Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa Daktari Cook heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1934 akaacha kazi ya hospitali, lakini hakurudi kukaa kwao. Bibi Katharine akafa mwaka 1938, na Sir Albert akafa mwaka 1951, huko huko Uganda, alikokuja akiwa kijana wa miaka 26.

Hospitali ya Mengo ingali ikiwatibu watu hata leo, na maktaba ya udaktari ya Makerere ikaitwa kwa jina lake. Lakini ukumbusho wake mkubwa zaidi ni wale vijana na wasichana aliowafundisha yeye na mkewe, ambao nao waliwafundisha wengine. Moto uliweza kuteketeza nyumba ya nyasi katika muda mfupi. Ujuzi uliokwisha kuingia katika mikono ya watu wengi haukuteketea.