Carey Francis: Msomi wa hisabati aliyewanoa vijana uwanjani

JIONI inapoingia katika miji inayopanuka kama Kitengela na Kajiado, si ajabu kumwona mwanafunzi wa chuo, filimbi shingoni, akiwanoa watoto katika kandanda bila kudai malipo. Kazi ya aina hiyo ina mizizi mirefu nchini Kenya. Miongoni mwa walioipa heshima ni marehemu Edward Carey Francis, msomi aliyeamini kwamba elimu ya kijana haikamiliki darasani.

Francis alizaliwa jijini London mwaka wa 1897. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa katika kikosi cha mizinga, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hisabati. Huko alitia fora, hata akateuliwa kuwa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Njia ya kuwa msomi mashuhuri ilikuwa wazi mbele yake.

Hata hivyo, mwaka wa 1928 aliyapa kisogo yote hayo. Alisafiri hadi Maseno, magharibi mwa Kenya, kuongoza shule ya wamishonari wa Kianglikana. Miongoni mwa vijana waliopitia shule hiyo ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka wa 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Asubuhi alifundisha hisabati, na jioni mapenzi yake yalikuwa uwanjani. Kwake yeye, mpira ulikuwa somo la nidhamu: mchezaji hujifunza kumtegemea mwenzake, kumtii mwamuzi, kushinda bila majivuno na kushindwa bila kinyongo.

Somo hilo lilikuwa na uzito wa pekee nyakati hizo. Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi, kila jamii na shule zake. Vijana wa Alliance walipokutana uwanjani na wenzao wa shule za Wazungu, matokeo yaliamuliwa na bidii na ustadi, wala si rangi ya ngozi.

Francis hakukosa wakosoaji. Alikuwa mkali kupindukia, na wengi waliona kwamba alichelewa kuelewa kiu ya Waafrika ya kujitawala. Lakini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952, hakunyamazia ukatili wa vikosi vya usalama. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kati ya 1955 na 1958, amemweleza mwalimu huyo kwa kina katika kumbukumbu zake.

Alipostaafu mwaka wa 1962, wengi wangetarajia arejee Uingereza kupumzika. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya upili ya huko. Alifariki mwaka wa 1966 angali anafundisha. Hakuwahi kuoa.

Maisha yake yanathibitisha kwamba cheo si sharti la kumfaa kijana. Kinachohitajika ni mtu mzima aliye tayari kutoa saa zake, siku baada ya siku. Kwa mwanafunzi wa chuo anayekusanya watoto kwenye uwanja wa vumbi, huo ni urithi mkubwa kuliko kombe.