Suzanne Noël, daktari aliyeanza na ngozi ndipo akashika kisu

Huenda umewahi kusimama mbele ya kioo, ukaweka vidole mbele ya masikio, ukavuta ngozi ya mashavu kuelekea nyuma na kujiona umepungua miaka kumi. Wengi wetu tuliovuka arobaini tumefanya hivyo, na mimi nimo. Mwaka 1912 mwanamke mmoja aliyekuwa akisomea udaktari jijini Paris alifanya jambo hilohilo. Aliibana ngozi ya uso wake kwa vidole, hapa na pale, akitazama ni mkunjo upi unaonyooka. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye hakuishia kwenye kioo.

Alizaliwa kwa jina la Suzanne Gros mjini Laon, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 19 Januari 1878. Akiwa na miaka 19 aliolewa na daktari wa ngozi, Henri Pertat, na mwaka 1905 naye akaanza masomo ya udaktari. Kumbuka hiyo ni Ufaransa ambayo mke aliyeolewa alikuwa chini ya mumewe kisheria katika mambo mengi, na haikulegeza sheria hiyo hadi mwaka 1938. Kupiga kura ndiyo kabisa, wanawake walisubiri hadi 1944.

Alijifunza magonjwa ya ngozi kwa Profesa Brocq, bingwa aliyejulikana sana wakati ule, na upasuaji kwa Hippolyte Morestin. Naomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo linalomfanya awe wa maana kwetu hadi leo. Uso huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza iko juu ya ngozi: mistari midogo, madoa, ukavu, ngozi kupoteza mng'ao. Hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua, ambalo huvunja nyuzi za kolajeni zinazoishikilia ngozi. Ya pili iko chini: nyama na mafuta ya uso hushuka, mashavu yakalegea, shingo ikaning'inia. Krimu haiwezi kuinua shavu lililoshuka. Na kisu hakiwezi kuondoa doa la jua, kitalivuta tu doa hilo hadi karibu na sikio. Ukimwona mtaalamu anayeahidi kutibu yote mawili kwa kitu kimoja, shika mkoba wako vizuri.

Mwaka huo wa 1912, mwigizaji mashuhuri Sarah Bernhardt, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 68, alirudi kutoka Marekani akiwa amefanyiwa upasuaji wa kuondoa ukanda wa ngozi ndani ya nywele. Paji la uso na macho yalikuwa yamepata ujana, lakini sehemu ya chini ya uso ilibaki vilevile. Suzanne alivutiwa na kilichofanikiwa na pia kilichoshindikana, ndipo akaanza kujibana mbele ya kioo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Askari walirudi kutoka kwenye mahandaki wakiwa hawana taya, hawana pua, nusu ya uso imechukuliwa na kombora. Katika hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce, akiwa na Morestin, alijifunza jinsi ngozi inavyohamishwa, inavyolishwa damu na inavyopona. Ufundi mwingi wa kupendezesha uso ulitoka huko, kwa watu waliokuwa wakitaka tu kutazamwa bila kuogopwa.

Mumewe alifariki mwaka 1918. Mwaka uliofuata aliolewa na André Noël, naye daktari. Mwaka 1922 binti yake wa pekee alifariki kwa mafua, na miaka miwili baadaye André, aliyezama katika huzuni, alijitoa uhai. Suzanne alikamilisha shahada yake mwaka 1925, akiwa na miaka 47, baada ya yote hayo.

Wagonjwa aliwafanyia upasuaji nyumbani kwake. Alipima na kuchora kwanza, akapiga picha kabla na baada, akatumia ganzi ya sehemu tu, akakata vipande vidogo vya ngozi ndani ya nywele na kuzunguka sikio, akashona kwa nyuzi nyembamba. Mgonjwa alirudi kwake siku hiyohiyo, nywele zimefunika mshono. Wengi wao hawakuwa matajiri wasio na kazi ya kufanya. Walikuwa wanawake waliojitegemea, na waliona wakisukumwa nje ya ajira kwa sababu sura imechoka. Katika kitabu chake cha 1926 kuhusu upasuaji wa urembo na nafasi yake katika jamii, hiyo ndiyo hoja kuu. Mimi nakubaliana naye nusu. Mwajiri anayefukuza mtu kwa sababu ya makunyanzi ndiye mwenye ugonjwa, lakini kodi ya nyumba haisubiri mwajiri apone.

Njia yake ilikuwa na upungufu: ilivuta ngozi peke yake, na ngozi ikivutwa hulegea tena. Mwaka 1976 madaktari wa Paris walieleza kwa kina tabaka la nyama na utando lililo chini ya ngozi ya uso, na tangu hapo wapasuaji wengi huinua tabaka hilo kwanza.

Leo kazi hizi mbili hufuatana. Mtaalamu wa ngozi hutangulia kwa krimu ya kukinga jua kila siku na dawa za jamii ya vitamini A, mpasuaji huinua kilichoshuka, na matibabu ya juu ya ngozi huendelea baada ya kidonda kupona. Kwetu wenye ngozi nyeusi kuna tahadhari zaidi. Kuchubua kwa kemikali kali au mwanga wa leza kunaweza kuacha madoa meusi kuliko ya awali, na mwenye historia ya keloidi lazima aseme kabla hajaguswa. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla, kwani nikotini hubana mishipa ya damu na ngozi iliyoinuliwa inaweza kufa. Na kama umetumia mkorogo wenye steroidi kwa miaka, ngozi yako imekuwa nyembamba na hupona polepole. Mwambie daktari ukweli, hata kama mama mkwe yupo chumbani.

Wakati Wajerumani walipoikalia Paris, Suzanne anatajwa kuwa alibadilisha sura za Wayahudi na wengine waliosakwa ili wasitambuliwe. Vita vilipoisha aliwatibu walionusurika kambini, kufuta alama walizotoka nazo usoni. Alifariki tarehe 11 Novemba 1954, akiwa na miaka 76. Klabu ya wanawake wanataaluma ya Soroptimist aliyoianzisha Paris mwaka 1924 ilifungua njia kwa nyingine nyingi Ulaya, na leo vilabu vya jina hilo vipo hata Kenya.