Mfahamu John Smeaton, aliyeunga mawe kama droo

Ukivuka mpaka pale Sirari ukaenda Migori, utakuta kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Zimepinda, zimesimama karne kadhaa bila saruji wala udongo. Majina ya waliozijenga hayakuandikwa. Ila fundi mmoja wa mawe ya duara jina lake lipo: John Smeaton, Mwingereza.

Alizaliwa 1724 Austhorpe, karibu na Leeds. Baba yake mwanasheria alimpeleka London asomee sheria. Kijana akaachana nayo, akaenda kutengeneza vifaa vya vipimo.

Mwaka 1755 mnara wa kuongozea meli kwenye mwamba wa Eddystone, baharini nje ya Plymouth, uliteketea. Sehemu kubwa ilikuwa mbao. Uliotangulia ulizolewa na dhoruba 1703, ukaondoka na mjenzi wake, Henry Winstanley, aliyekuwa ndani usiku ule. Smeaton akapewa kazi ya tatu.

Akachagua mawe, na umbo la shina la mti: chini pana, juu jembamba. Sasa hapa ndipo penye utamu. Kila jiwe lilichongwa kama kabari, jembamba upande wa katikati, pana upande wa nje, ndipo duara likafunga. Fundi wa tofali za kufungamana Tarime au Mugumu atamwelewa haraka, maana tofali iliyonyooka ukiizungushia tangi la maji inaacha mianya. Uganda wanafyatua tofali za kupinda kwa ajili ya matangi, na hesabu ni ileile.

Kisha ubavuni akachonga ulimi unaopanuka mwishoni, ukaingia kwenye pengo la jiwe jirani, kama seremala anavyounga pembe za droo. Wimbi livute litakavyo, jiwe halichomoki. Vigingi vya marumaru vikazuia safu ya juu isiteleze juu ya ya chini. Mawe yalijaribiwa kwanza nchi kavu, safu kwa safu, ndipo yakapakiwa kwenye boti. Chokaa yake ilishika hata majini.

Taa iliwashwa Oktoba 1759, mishumaa 24 tu!

Smeaton alifariki 1792. Mnara ukaendelea kufanya kazi hadi 1882, na kilichouondoa si mawe yake, ni mwamba uliokuwa ukiliwa na bahari chini yake. Sehemu ya juu ilihamishiwa Plymouth. Kisiki chake bado kipo kule mwambani.