Joginder Singh: Bingwa Aliyetoka na Spana

Kila nimwonapo kijana wa Changamwe au Kisauni akipakia gari lake kwenda kushindana siku moja uwanjani, hutazama anachokitia kwanza ndani ya buti. Akianza na redio, najua huenda akarudi akivutwa kwa kamba. Akianza na sanduku la spana, moyo wangu hutulia, nami humkumbuka marehemu Joginder Singh.

Bingwa huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, katika jamii ya Makalasinga. Sisi watu wa pwani twawajua wazee hao tangu zama za reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita Changamwe kuelekea bara. Ni watu wa nyundo na chuma. Joginder naye alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Aliwahi kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani akiwaokoa walioharibikiwa. Fundi wa namna hiyo hana duka la spea jirani. Alichopakia asubuhi ndicho atakachofanyia kazi mpaka jioni.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Waanzilishi wake walikuwa wapenzi wa magari tu, si madereva wa kulipwa, na baadhi yao walichoka kuzunguka uwanja mmoja kama ngamia wa kinu cha mafuta. Wakaona heri waizunguke Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Joginder na nduguye Jaswant walikuwa katika hao saba.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1965 ndugu hao hawakungoja gari jipya. Walichukua Volvo PV544 lililokwisha kutumika mashindanoni, wakashinda, na aliyewafuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na Joginder alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kulitwaa taji hilo. Basi watu wakamwita Simba wa Kenya.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara zote mbili akiendesha Mitsubishi Lancer. Mwaka 1974 alimshinda Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche, gari lenye nguvu kuliko lake. Lakini hesabu inayonivutia mimi zaidi ni nyingine: katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Hiyo si kazi ya mguu mzito peke yake. Ni kazi ya mtu anayelisikia gari likilalamika kabla halijavunjika.

Ndiyo maana nasisitiza habari ya kupakia. Chukua spana za saizi ya nati za gari lako, si za gari la jirani. Chukua jeki na ubao wa kuiwekea chini isizame mchangani, plagi, mkanda wa feni, waya, kamba, maji na gurudumu la akiba. Vifunge vyote, kwani jeki isiyofungwa ni kombora gari likiruka. Ukifika uwanjani, vishushe kabla ya kuingia mbioni. Nasi wa Likoni na Kisauni tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi: spana isiyopakwa mafuta na kufungwa kitambaani hushika kutu.

Joginder alifariki London mwaka 2013, mwenye umri wa miaka 81. Wengi humsifu kwa mwendo wake. Mimi namsifu kwa kufika, kwani mwendo hununuliwa pamoja na gari, lakini kufika hutoka mikononi mwa mwenye gari.